Cherokee ya boksi: soma mwaka kabla ya kufungua boneti

Jeep Cherokee ya bodi ya boksi, ambayo kiwandani inajulikana kama XJ, iliuzwa Marekani kuanzia modeli ya 1984 hadi ya 2001, na sura yake haikubadilika sana. Ndiyo maana wengi hudhani ni gari lile lile. Chini ya boneti kuna magari matatu, kwani katika miaka hiyo Jeep ilibadilisha wamiliki, na kila mwenye mali aliacha waya zake, sensa zake na giaboksi zake. Fundi anayejua hilo hahangaiki kutafuta ugonjwa wa 1989 kwenye gari la 1998. Asiyejua ataanza na plagi, ahamie koili, amalizie pampu ya petroli, na bado gari litazimika barabarani.

Mwaka wa modeli unasomwa kwenye namba ya chesesi, ile ya tarakimu 17 inayoonekana kupitia kioo cha mbele, juu ya dashibodi. Tazama alama ya kumi: H ni 1987, L ni 1990, M ni 1991, P ni 1993, T ni 1996, Y ni 2000, na 1 ni 2001. Karatasi zikisema vingine, amini chesesi.

XJ ni mtoto wa American Motors (AMC), kampuni iliyozaliwa 1954 kwa kuungana Nash-Kelvinator na Hudson, kisha ikainunua Jeep kutoka kwa Kaiser mwaka 1970. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 haikuwa na fedha za kushindana na wakubwa wa Detroit, na Renault ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa ikiibeba. Gari lenyewe lilibuniwa vizuri: halina chesesi ya peke yake, bodi na fremu vimechomelewa pamoja, jepesi, lina ekseli nzima mbele na nyuma. Aibu ilikuwa injini. Aliyetaka silinda sita alipewa V6 ya lita 2.8 ya General Motors, ya kabureta, ambayo leo haifai hata kuifufua. Kwa modeli ya 1987 AMC ilirudi kwenye injini yake ya silinda sita za mstari, ya ukoo ulioanza 1964, ikaipa lita 4.0 na mfumo wa kupuliza petroli uliotengenezwa na Renault pamoja na Bendix. Mfumo huo ndio unaoitwa Renix. Novemba 1986 mkuu wa Renault, Georges Besse, aliuawa Paris. Mwaka uliofuata Renault ikajitoa, na Agosti 1987 Chrysler ya Lee Iacocca ikaichukua AMC yote, shabaha yake kubwa ikiwa Jeep.

Chrysler haikung'oa kila kitu siku ile ile. Renix iliendelea hadi modeli ya 1990. Mwaka 1991 kompyuta ikawa ya Chrysler na nguvu farasi zikapanda kutoka 170 na kitu hadi 190. Mwaka 1996 ukaja mfumo wa OBD-II, yaani wa gari kujipima makosa yake, wenye soketi ya pini 16. Hayo ndiyo magari matatu ninayoyasema. Usukani wa kulia wa kiwandani ulianza 1993, kwa ajili ya Uingereza, Japani na masoko ya aina hiyo. Japani ziliuzwa hata kwenye maduka ya Honda. Kwa hiyo Cherokee ya usukani wa kulia iliyoko Mombasa au Dar es Salaam ni ya enzi ya Chrysler, isipokuwa mtu ameihamisha usukani kwa mkono. Renix ni mzigo wa fundi wa Bujumbura, Lubumbashi au Muscat, kunakoendeshwa kwa upande wa kulia wa barabara.

Injini yenyewe ni ngumu kweli kweli. Bloku na silindahedi ni za chuma cha kusubu, krenki imekaa kwenye beringi kubwa saba, na taimingi ni ya mnyororo, si mkanda. Inakunywa lita 5.7 za oili pamoja na filta. Hapo kwenye filta kuwa mwangalifu: za Renix zina nyuzi za milimita 20, za baadaye zina nyuzi za inchi robo tatu. Filta ikizunguka mara mbili kisha ikakaza, usiilazimishe kwa cheni. Umepewa isiyo yake.

Presha ya oili huwatisha wengi bure. Injini ikiwa ya moto na iko sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, psi 13 inakubalika kwa mujibu wa kitabu cha kiwanda. Ikivuka mizunguko 1,600 kwa dakika inatakiwa iwe kati ya 37 na 75. Kipimo cha dashibodi hudanganywa na sensa iliyo pembeni ya bloku, ambayo hufa mara nyingi kuliko pampu. Funga geji ya mkono kwenye tundu la sensa hiyo kabla hujakubali mtu afungue injini.

Kuvuja oili ni tabia yake, na utambuzi wake mara nyingi hukosewa. Utaambiwa sili ya nyuma ya krenki imekwisha kwa sababu oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi. Anza juu. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikivuja kwenye kona ya nyuma, oili huteremka mgongoni mwa injini na kutokea mahali pale pale. Chunguza pia kishikio cha filta ya oili, upande wa kulia: kina mipira midogo ya duara ndani, ikikauka huvujisha. Osha injini, endesha siku moja, kisha mulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Ikithibitika kuwa ni sili ya nyuma, habari njema ni kwamba imegawanyika vipande viwili na hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Unashusha sampu ya oili, unafungua kifuniko cha beringi ya mwisho, unakisukuma nje kipande cha juu cha sili kwa kipande cha shaba kisichokwaruza krenki. Mdomo wa sili uelekee mbele ya injini. Kifuniko kirudishwe na kukazwa kwa Nm 108, na tone la silikoni kwenye kingo zake.

Ukikuta oili ndani ya boksi la filta ya hewa, usikimbilie kusema ringi zimekwisha. Kuna kipaipu chembamba cha kupumulia kinachotoka nyuma ya kifuniko cha valvu kwenda kwenye manifoldi. Kikiziba, mvuke wa oili hutafuta njia ya mbele, ambayo ni filta ya hewa. Safisha tundu lake kwanza.

Kinachoiua injini hii ni joto. Rejeta ni pana na fupi, boneti iko chini, na nafasi ya hewa ni ndogo. Lakini kabla ya kununua chochote, uliza gari linachemsha wakati gani. Likichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, tatizo ni fani. Likipoa kwenye foleni na kupanda ukiwa kilomita 100 kwa saa au unapanda mlima, maji hayapiti vya kutosha: rejeta imeziba, hozi ya chini inanyonywa hadi inabana, au pampu haisukumi.

Fani ziko mbili. Ya kwanza huzungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta mazito; zima injini ikiwa ya moto, isukume kwa kidole. Ikizunguka kwa wepesi mizunguko kadhaa, klachi imekufa. Ya pili ni ya umeme, na inatakiwa iwake kompyuta ikiona nyuzi joto kama 103, au ukiwasha kiyoyozi. Washa kiyoyozi uiangalie. Ikilala, jaribu rilei yake kwa kubadilishana na ya pembeni iliyo sawa nayo, kisha ipelekee umeme wa betri moja kwa moja.

Rejeta huziba nje na ndani. Nje, matope na wadudu hukaa kati yake na kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo mpira wa maji wa mbele haufiki; fungua bolti za juu, uinamishe kondensa, upulize kutoka upande wa injini. Ndani ni chumvi ya maji ya bomba. Mfumo mzima unachukua lita 11.4, nusu kulanti nusu maji safi yasiyo na chumvi. Hozi ya chini inatakiwa iwe na springi ndani yake. Bila hiyo hujikunja ukikanyaga mafuta, na ukisimama kuiangalia imesharudi umbo lake.

Pampu ya maji ina mtego wake. Kwenye lita 4.0 mkanda huizungusha kinyume na ile ya lita 4.2 ya zamani ya AMC, na pampu hizo mbili hufanana kwa macho na hufunga kwenye bolti zile zile. Ukiweka ya 4.2, mapezi yake hupiga maji vibaya, na gari litachemsha likiwa na pampu mpya kabisa. Linganisha mapezi ya ya zamani na mpya ukiwa bado dukani.

Kuhusu thamostati, mafundi wengi wa kwetu huitoa na kuitupa. Kwenye gari hili ni kosa la kukugharimu kila siku. Thamostati yake ni ya nyuzi 91. Ukiitoa, kompyuta hubaki ikiamini injini ni baridi, inaongeza petroli, ulaji unapanda na plagi zinakuwa nyeusi. Halafu mshale unaokaa chini unakuficha rejeta iliyoziba hadi siku ya mlima mrefu. Rudisha thamostati, na lile tundu dogo lenye kipini likae juu kabisa ili hewa itoke.

Renix ina shida ya ziada, maana rejeta yake haina kifuniko: presha inakaa kwenye chupa ya plastiki karibu na ukuta wa injini, na chupa hiyo hupasuka kwa uzee. Ukishamwaga maji, hewa hunaswa nyuma ya silindahedi. Fungua sensa ya joto iliyo nyuma kushoto kwenye hedi, jaza taratibu hadi maji yatokee kwenye tundu lake, kisha uirudishe. Binafsi naona fedha ya chupa mpya ni bora iende kwenye rejeta ya 1991 na kuendelea yenye kifuniko chake.

Sasa umeme wa Renix. Haina taa ya cheki injini wala kumbukumbu ya makosa. Mashine yake ya kiwandani huonyesha tu namba za wakati huo huo injini inapofanya kazi. Mtu akikuambia ameipima na mashine ikamtajia sensa iliyokufa, hakufanya kazi kwenye gari lako.

Ugonjwa mkuu ni sensa ya krenki, iliyofungwa juu ya nyumba ya flaiwili. Dalili zake: starta inazunguka vizuri, hakuna cheche, hakuna petroli inayopulizwa, au gari linazima likipata moto na kuwaka tena likipoa. Chomoa plagi yake, pima waya mbili kwa mita: inatakiwa ohm 125 hadi 275. Kisha weka mita kwenye volti za AC, mtu apige starta. Ikitoa chini ya nusu volti, kompyuta haioni krenki ikizunguka. Kipimo cha ohm kinaweza kuwa kizuri na bado volti ikawa ndogo, kwa hiyo usiishie cha kwanza.

Kuifungua kunahitaji ekstensheni ndefu kutoka chini, zaidi ya nusu mita, na kiungo cha kupinda mwishoni. Bolti ni mbili, za milimita 11, na huzioni. Unazisikia kwa vidole. Ukizirudisha, zishike ndani ya soketi kwa kipande cha selotepu, kwani bolti ikidondokea ndani ya nyumba ya flaiwili utashusha giaboksi kwa ajili yake. Waya wa sensa mpya uufunge mbali na egzosi.

Lakini kabla ya sensa yoyote, safisha ethi. Sensa za Renix zote hurudisha umeme kwenye bolti moja iliyoshika paipu ya dipstiki, pembeni ya bloku. Ikiota kutu au oili, kila sensa inadanganya kidogo, na gari linakuwa na sailensi ya kupanda na kushuka ambayo hakuna spea inayoiponya. Fungua, piga brashi ya waya hadi chuma king'ae, paka vaselini, funga. Kati ya waya wa ethi ya sensa na hasi ya betri usipate zaidi ya ohm 1. Fanya vivyo hivyo kwa utepe unaounganisha nyuma ya hedi na ukuta wa bodi. Kwa 1987 na 1988 kuna pia plagi kubwa ya waya nyingi karibu na busta ya breki, iitwayo C101, iliyojazwa grisi iliyokuwa kama lami. Isafishe, au uikate na kuunganisha waya kwa risasi, mmoja baada ya mwingine, maana rangi za upande huu na ule si lazima zilingane.

Kwa 1991 hadi 1995 mambo ni mepesi zaidi. Fungua swichi, zima, fungua, zima, fungua, upesi bila kupiga starta, kisha hesabu kumeta kwa taa ya cheki injini. Kosa la 12 ni betri iliyochomolewa karibuni, 55 ni mwisho wa orodha, na 11 ina maana kompyuta haikuona krenki: sensa ile ile, ingawa humu ni ya waya tatu na vile vipimo vya ohm haviihusu. Kuanzia 1996 kipimo chochote cha OBD-II kinasoma.

Egzosi ya miaka ya 1991 hadi 1999 ina manifoldi ya mabomba ambayo hupasuka kwenye maungio. Asubuhi utasikia tiki-tiki inayopungua injini ikipata moto na chuma kutanuka. Wengi huchomelea ufa, na unarudi, kwa sababu mipira ya kushikia injini imechoka na injini inaitingisha egzosi nzima. Badilisha mipira kwanza.

Giaboksi zinafuata historia ile ile. Za mkono za 1987 hadi katikati ya 1989 ni za Peugeot, BA-10/5, na hazikuwa za kuvumilia injini hii. Ukipata AX-15 ya Aisin iliyofuata, chukua. Otomatiki ni AW4 ya Aisin-Warner ya Japani, na ni imara. Kosa linalofanywa ni kuiwekea mafuta ya giaboksi za Chrysler kwa sababu gari ni la Chrysler. Inataka mafuta ya aina ya Dexron III, basi. Ikikataa kubadilisha gia, chomoa plagi ya kompyuta yake halafu tumia mkono: kwenye 1-2 itakupa gia ya kwanza, kwenye 3 gia ya tatu, kwenye D gia ya nne. Zote zikishika vizuri, giaboksi ni nzima na ugonjwa uko kwenye umeme. Gari lisilowaka ila kwenye N, au taa za rivasi zisizowaka, ni swichi ya pembeni ya giaboksi iliyoingia matope. Inafunguka na kusafishika.

Mtetemo wa mbele unaoshika usukani mzima ukipita shimo kwa kasi ya kilomita 70 au 80 hautibiwi kwa shokabzoba ya usukani, ambayo huficha tu. Acha magurudumu chini, mtu atikise usukani kidogo kushoto na kulia injini ikiwaka, wewe lala uangalie fimbo inayoshika ekseli upande wa fremu. Mpira au boljointi yake ikicheza kabla magurudumu hayajasogea, umeshapata. Kisha fuata taierodi, bushi za mikono ya ekseli, na balansi ya magurudumu. Na kwa vile hakuna chesesi, kagua bati kuzunguka bolti za boksi la usukani kama limepasuka, na uinue kapeti ya mbele utazame sakafu.

Modeli za 2000 na 2001 zina jambo moja la kuuliza kabla ya bei. Silindahedi zake zina namba 0331 iliyosubiwa juu yake, na nyingi hupasuka kati ya silinda ya 3 na ya 4, hasa zikiwahi kuchemsha. Fungua kifuniko cha kujazia oili, mulika ndani: ukiona utando wa rangi ya maziwa, au sehemu moja imeoshwa ikang'aa wakati kwingine kuna rangi ya oili, maji yanaingia. Angalia pia kama kulanti inapungua bila tone chini. Hedi za 0331 zilizotoka baadaye zikiwa na neno TUPY katikati ziliimarishwa hapo. Ya kubadilisha ikipatikana, bolti ni 14 na zinakazwa kwa hatua tatu: Nm 30, Nm 61, kisha Nm 149, isipokuwa ya 11 kwenye mpangilio, iliyo kona ya mbele upande wa manifoldi, ambayo mwisho wake ni Nm 135. Hiyo inaingia kwenye njia ya maji, kwa hiyo nyuzi zake zipakwe gundi ya kuzuia maji kabla ya kuifunga. Ikifungwa kavu, kulanti itapanda taratibu kupitia nyuzi zake, na utarudi kutafuta kwenye hedi mpya ufa ambao haupo.